Protini isiyo na umbo ilivyonivusha mbele ya jopo: yaliyonikuta Bunia

Wakuu, hodi humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nimeamua kuvaa viatu na kuingia uwanjani. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wako hai na wengine wanapita humu.

Na kabla hamjaanza: mimi ni mwanamke. Najua humu kila mtu ni "mkuu", sawa, nitaitika. Ila anayetaka kuniuliza kama uzi huu nimeandikiwa na mume wangu aende jukwaa la mapenzi.

Nipo Bunia, Ituri, mashariki ya Congo. Wengi wakisikia Bunia wanasikia vita tu. Vita ipo, sitawadanganya, sisi wenyewe tulikimbia kwetu Fataki mikono mitupu. Lakini humu mjini watu wanaoana, wanauza vitenge, wanagombania mpira, na wengine kama mimi wanafanya simulesheni za protini.

Ndiyo, protini. Msikimbie, nitaeleza taratibu.

Mimi ni asistanti chuoni, idara ya biolojia. Mama yangu analima muhogo kwenye kipande cha shamba alichoazimwa na watu wa kanisani, pembeni ya mji. Kuna ugonjwa wa muhogo ambao ni mnafiki kweli. Majani hayasemi kitu, ukichimba mzizi unaonekana mzuri, mnene. Ukiukata ndani, madoa ya kahawia, umekauka kama kizibo cha chupa. Haufai kwa unga, haufai kwa chochote.

Siku moja nilimkuta mama amekaa na beseni zima la mihogo ya hivyo, kisu mkononi, bado anakata akitafuta hata mmoja mzima.

Akaniuliza, kwa Kiswahili chetu cha huku: "Weye unasomaka mambo ya vidudu vidogo-vidogo. Hii kitu inaingiaka wapi?"

Nikamwambia sijui. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimetoka darasani kuwafundisha wanafunzi kwa kujiamini kama waziri.

Hapo ndipo nilipobadilisha mada ya tasnifu yangu.

Sasa sikilizeni. Ugonjwa huo unaletwa na virusi. Virusi hao wana protini moja ndogo ambayo ikishaingia kwenye seli ya muhogo inashikana na protini ya muhogo wenyewe, ile inayowasha kazi ya kutengeneza protini nyingine. Ikishaishika, seli inaanza kumfanyia kazi adui. Swali langu lilikuwa moja: inashikia sehemu gani? Ukijua hapo, wanaotafuta mbegu mpya wanajua waangalie wapi ili wapate muhogo usioshikika.

Shida ni kwamba hiyo protini ya virusi haina umbo.

Shuleni wote tulifundishwa kwamba protini ni mnyororo wa amino asidi unaojikunja ukawa na umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi. Ni kweli kwa protini nyingi. Lakini zipo nyingine ambazo hazitulii. Sehemu kubwa ya mnyororo inabaki imelegea, inajipinda hivi, inajinyoosha vile, kila wakati sura mpya. Na bado zinafanya kazi, tena kazi kubwa. Ukiipa programu ya kutabiri maumbo protini kama hiyo, inakuchorea tambi zilizomwagika sakafuni na kukuandikia kwamba haina uhakika.

Nilipompelekea msimamizi wangu mchoro huo, akauangalia kwa muda mrefu.

Tumwite Professeur Kambale. Ni mtu wa haki na ni mwalimu mzuri, nisije nikaeleweka vibaya. Amefundisha nusu ya walimu wa sayansi wa mkoa huu. Ila akishikilia jambo, hata trekta halimng'oi.

"Madame," akaniambia, "hii protéine yako haina forme, haina umbo. Bila forme, hakuna fonction. Ni sawa vile clé, ufunguo, bila meno. Itafungua nini?"

Nikamwambia zipo protini nyingi za namna hiyo, watu wanaziandikia kila siku.

"Banaandika," akasema. "Lakini weye utaonyesha jury nini? Hizi kamba?" Jury ndiyo jopo la watahini.

Akanipa ushauri nihamie kwenye samaki wa Ziwa Albert. Kuwapima urefu, kuwapima uzito, kuandika, kumaliza. Akaniambia kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliniudhi zaidi.

Mjue pia kwamba asistanti hapa kwetu hapewi milele ya kumaliza shahada. Muda wake ukiisha bila kutetea tasnifu, anampisha mwingine. Mimi nilibakiza mwaka mmoja wa masomo. Nikikosea mada, siyo tasnifu tu inayoondoka, na kazi inaondoka.

Nikakataa samaki.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana najua kuna vijana humu tayari wanaandika "kwa nini usitumie cloud". Ndugu yangu, cloud ninayoijua mimi ni ile inayoziba jua, na nitafika hapo.

Nilikuwa na kompyuta ya mezani niliyoipata ukumbi mmoja wa michezo ya video ulipofungwa. Ilikuwa na kadi nzuri ya michoro, ile ya kuchezea gemu, na kadi hizo zinafaa sana kwa simulesheni. Kilichokosekana ni umeme wa kuaminika. Chuoni unakuja na kuondoka bila kuaga. Nyumbani kwangu ndiyo kabisa.

Nikaenda kwa Papa Innocent. Huyu ana nyumba ya charge karibu na soko, yaani chumba chenye mitambo ya jua juu ya bati, betri chini ya meza, na simu za mtaa mzima zimelala juu ya meza zikinywa umeme. Nilimwomba anitafutie kona moja.

Akaizunguka kompyuta yangu kama anayekagua mbuzi.

"Iko inafanya nini?"

"Inahesabu, papa."

"Inahesabu nini?"

"Namna protini inavyotembea."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Lakini fasi hii iko na sheria. Simu kwanza. Masini ya kunyolea nywele pili. Weye wa mwisho. Na wingu ikipita, weye njo wa kwanza kutoka."

Hiyo sheria, wakuu, ndiyo uzi huu wote. Shikeni hapo.

Njia yangu ilikuwa hii. Kufuatilia kila atomu kwa kompyuta ya gemu ni kujitafutia presha, kwa hiyo kila amino asidi niliifanya shanga moja. Kila shanga ina tabia yake: hii ina chaji chanya, ile hasi, hii inapenda kung'ang'ania wenzake, ile haipendi. Kanuni za tabia hizo zipo tayari, watu wamezitengeneza kwa kupima protini hizihizi zilizolegea. Unaachia mnyororo utembee kwenye maji ya kwenye kompyuta, unaangalia unapitia sura zipi. Kisha unauweka karibu na protini ya muhogo, unaangalia unashikia wapi.

Kwa kawaida watu wanaanzisha simulesheni moja ndefu, inakwenda wiki nzima. Mimi ningeipata wapi wiki? Saa nne asubuhi jua linapanda, Papa Innocent ananipa umeme. Mchana wingu linatoka upande wa Djugu, ananyanyua kidole tu, kompyuta inazimika. Mara nyingine hata kidole hakunyanyui, anachomoa.

Diski yangu ilikuwa imezeeka. Ikizimwa ghafla, faili la kuendelezea lilikuwa linaharibika. Nilijaribu kulirekebisha mpaka nikachoka. Nikaamua: sitaendeleza chochote. Kila nikipewa umeme, naanza mnyororo upya, na naanza na sura tofauti. Leo umenyooka, kesho umejiviringa, keshokutwa umejikunja katikati. Nikawa na mlundo wa safari fupifupi, hakuna mbili zilizoanzia mahali pamoja.

Nilikuwa naona aibu, sitaficha. Nilipoandika sura ya mbinu nilihisi kama mtu anayeeleza jinsi anavyopika ugali kwa mshumaa.

Lakini picha ilianza kutoka. Safari zote, pamoja na kuanzia sehemu mbalimbali, zilikuwa zinakubaliana. Mnyororo unabaki umefunguka, mpana kuliko protini ya kawaida ya urefu ule. Na ukikutana na protini ya muhogo, kuna kipande kimoja karibu na katikati ambacho kinaishika karibu kila mara. Hakiishiki kwa mtindo mmoja. Kinaishika hivi, kinalegea, kinaishika vile, lakini ni kipande kilekile na ni bega lilelile la protini ya muhogo.

Nilifurahi nikamkumbatia Papa Innocent. Akaniuliza kama kompyuta imeharibika.

Professeur Kambale hakufurahi. Yeye alikuwa na rafiki yake huko Ulaya, mtu wa mashine kubwa, aliyemwomba afanye simulesheni ya protini hiyohiyo ili tulinganishe. Yule bwana alifanya moja, ndefu sana, kila atomu ndani, kuanzia kwenye sura iliyojikunja. Matokeo yake: protini imejikusanya ikawa donge dogo, imetulia. Ina umbo. Na kile kipande changu cha katikati kimefichwa ndani ya donge, hakiwezi kushika kitu.

Profesa akaweka michoro miwili mezani kwake, wa rafiki yake na wangu.

"Unaona? Hii iko na forme. Na hii yako haina. Mutu wa jury atachagua gani?"

Nikamwambia kompyuta haziwezi kuamua, aamue kipimo. Dada mmoja mtafiti, tumwite Wanjiru, yupo maabara moja Nairobi wanakoitengeneza protini hiyo kwenye bakteria. Nilikuwa nimeshaandikiana naye. Walikuwa wamepeleka sampuli kupimwa kwa miale ya X, ile inayokuambia protini iliyo ndani ya maji ina upana gani. Na walikuwa wanakata kipande kimojakimoja cha protini kuona kipi kikiondoka haishiki tena.

Nikapendekeza hivi: mimi na yule rafiki yake tutume utabiri wetu kabla ya vipimo kutoka. Upana, na kipande kinachoshika. Vikitoka, aliyekosea akubali.

Profesa akavua miwani. "Na kama ni weye umekosea?"

"Nitaacha mada."

"Samaki iko na kazi ya mwaka nzima, Madame. Hautamaliza."

"Najua, Professeur."

Alijua ninachokiweka mezani na mimi nilijua. Akakubali. Nikamtumia Wanjiru tabiri zote mbili.

Niwaambieni ukweli, nilipobonyeza kutuma nilijuta. Mbele ya profesa nilijiona jasiri, nyumbani nikajiona mjinga. Mimi na shanga zangu na betri za Papa Innocent nimekwenda kubishana na mashine inayojaza jengo. Nilianza kuangalia matangazo ya kazi kwenye mashirika. Mama akiniuliza mambo yanaendaje namjibu "vizuri", naye ananiangalia tu, maana ananijua.

Vipimo vikachelewa. Vikachelewa tena.

Halafu Wanjiru akaandika kwamba viko tayari, tukutane kwa video.

Tulikaa ofisini kwa profesa, mimi, yeye, na katibu wa idara aliyedai amekuja kusaidia intaneti lakini alikuja kusikia umbea. Wanjiru akatokea kwenye skrini, akasalimia, akafungua mdomo, mtandao ukakatika.

Aliporudi alikuwa anasema "...kama mlivyoona", na hatukuwa tumeona kitu. Profesa akamwomba aanze upya, kwa adabu, ila niliona anavua miwani na kuivaa tena mara mbili. Nikagundua na yeye ana wasiwasi.

Wanjiru akaweka upana uliopimwa kwenye skrini. Halafu akaweka utabiri wa donge. Mbali. Halafu akaweka wangu.

Ulikuwa umekalia kipimo.

Nikaziandika namba zote mbili kwenye daftari.

"Na kipande?" profesa akauliza. Yeye ndiye aliyeuliza, siyo mimi.

Wanjiru akasema, "Tulipokata kile alichotaja dada hapo, protini iliacha kushika. Tulipokata vingine, iliendelea." Akaongeza kwamba mkia wa mwisho nao unasaidia kidogo, kitu ambacho mimi nilisema hauna kazi. Kwa hiyo hapo nilikosea, niliandike wazi msije mkasema najisifia. Kwingine kote, wakuu, nilipiga palepale.

Katibu akapiga makofi peke yake.

Nililia. Nililia mbele ya profesa, mbele ya Nairobi, sikujali. Miezi yote hiyo nimeambiwa kwa upole kwamba ninahangaika na kamba, na sasa kamba zangu zilikuwa pale zimesimama.

Kwa wanaotaka kujua kwa nini mashine kubwa ilikosa: sababu ni mbili. Kanuni alizotumia yule bwana zilitengenezwa kwa protini zenye umbo, kwa hiyo zinaisukuma kila protini ijikunje. Na ya pili, alianzia sura moja tu. Mnyororo ulioanza ukiwa umejikunja hata ukiupa muda mrefu unaweza kubaki humohumo, hautoki kwenda kuona sura nyingine. Mimi kwa kuchomolewachomolewa umeme nililazimika kuanzia kila kona. Kwa protini isiyotulia, hiyo ndiyo njia ya kuijua. Ile sura ya mbinu niliyoionea aibu ndiyo jopo lilitumia muda mwingi kuisifia.

Yule rafiki wa Ulaya ni muungwana. Aliniandikia mwenyewe, akarudia simulesheni zake kwa kuanzia sehemu nyingi, donge likafunguka. Sasa tunaandika makala pamoja, jina langu likiwa la kwanza.

Nikatetea tasnifu. Ukumbi ulijaa. Mjumbe mmoja wa jopo akauliza lile swali la siku zote, kwamba umbo liko wapi, na kabla sijajibu Professeur Kambale akaomba neno. Akasema, "Haina forme moja, iko nazo mingi. Siye njo tulikuwa tunatafuta moja." Kisha akaketi. Nilipita kwa alama za juu.

Nilimpigia mama.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, mama."

"Na ile kitu inaingiaka wapi, umejua sasa?"

Nikamwambia nimejua. Nikamwelezea kipande, bega, kila kitu. Akasikiliza yote. Akasema, "Basi sasa bapate kazi ya kuifungia mulango." Halafu akaanza kucheka, mwenyewe, kwa muda mrefu, na mimi nikacheka naye. Mbegu bado, wakuu, hiyo ni kazi ya miaka na ni ya watu wengi. Lakini wanajua pa kuangalia.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Papa Innocent kumshukuru. Nikakuta foleni ya kawaida, watu na simu zao, kinyozi na mashine yake. Mwisho wa benchi amekaa Professeur Kambale, koti lake limefungwa vifungo vyote.

Nikadhani amenifuata kwa jambo la chuo. Akasema hapana.

Akaniambia kwamba alipokuwa kijana, masomoni ng'ambo, alipewa protini moja aigandishe iwe fuwele ili wapate umbo lake. Alijaribu mpaka ufadhili ukaisha. Haikuganda hata siku moja. Za wenzake zote ziliganda. Alirudi nyumbani bila shahada aliyoendea, akaanza upya na kitu kingine.

"Miaka yote nilizania ni miye sikujua kazi," akasema. "Sasa nazani haikuwa na forme ya kuganda. Naomba tuiangalie."

Papa Innocent akapita, akamtazama, akamwonyesha nafasi yake.

"Professeur, simu kwanza."

"Najua," akasema profesa. "Madame alinieleza."

Akakaa kusubiri zamu yake. Tuliianzisha mchana huo, kutoka kila kona. Sura zilipoanza kutoka kwenye skrini, zimelegea, zimefunguka, hakuna mbili zinazofanana, alinyoosha mkono akagusa kioo na akasema taratibu, "Kumbe haikuwa miye."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kubeba lawama maisha yake yote kwa kitu ambacho hakikuwa kosa lake, kwa sababu tu kipimo alichopewa hakikuwa cha kitu alichokuwa nacho mkononi. Profesa wangu ana mvi na siku ile nilimwona anatembea mwepesi kama kijana anayetoka kwenye mtihani.

Kama nawe kuna kazi uliiacha ukiamini huna akili, iwe maabara, shamba au gereji, isimulie hapa chini. Wenye maswali ya shanga na kanuni zake nitajibu, ila mnivumilie. Nikikawia, mjue kuna wingu.